Kelele Inayobaki Pedali ya Gitaa Ikizimwa: Mwongozo Kamili wa Kuitafuta na Kuitibu

Umekanyaga swichi, taa imezimika, na gitaa limerudi kwenye sauti yake safi. Lakini nyuma ya noti kuna kitu kimebaki: mvumo mzito, mluzi mwembamba, au shhh isiyokatika. Wapigaji wengi wakifika hapa hununua kifaa cha kukata kelele na kukiweka mwishoni mwa msururu wa pedali, yaani visanduku vya mguuni vinavyobadilisha sauti ya gitaa. Naipinga njia hiyo kwa moyo wote. Kifaa hicho hunyamazisha tu pale usipopiga. Ukigusa uzi, kinafunguka, na kelele inapita pamoja na noti yako. Halafu noti ndefu inayofifia taratibu inakatwa kabla haijaisha. Kelele ina mahali inapoingilia, na ukipajua mahali hapo, mara nyingi tiba haihitaji hata bisibisi.

Jambo la kushika kwanza ni kwamba pedali iliyozimwa haijaondoka njiani. Zipo za aina mbili. Katika aina ya kwanza, yenye baipasi ya kweli, swichi ya mguu huunganisha jeki ya kuingilia na jeki ya kutokea kwa waya mtupu, na sakiti ya athari (ile inayobadilisha sauti) inaachwa pembeni. Inaachwa pembeni, lakini haizimwi: adapta au betri bado inailisha, transista na aisii zake (vipande vidogo vya elektroniki vinavyokuza na kuunda sauti) bado zinafanya kazi sentimita chache kutoka kwenye waya uliobeba sauti yako. Katika aina ya pili, yenye bafa, sauti haipiti kwenye waya mtupu kamwe. Hupita ndani ya bafa, yaani sakiti ndogo inayoimarisha mawimbi bila kuyakuza, na transista za aina ya JFET, zinazofanya kazi kama swichi, ndizo zinazochagua njia. Pedali nyingi za Boss na Ibanez zimejengwa hivyo. Kwa hiyo kabla ya kushika chochote, jua pedali yako ni ya aina gani. Njia rahisi: chomoa umeme wote, adapta na betri, kisha piga gitaa kupitia pedali hiyo. Sauti ikipita, kwa kawaida ni baipasi ya kweli. Kimya kikitanda katika pande zote mbili za swichi, kwa kawaida ina bafa.

Hatua ya kwanza: hakikisha ni pedali kweli

Chomeka gitaa moja kwa moja kwenye amplifaya kwa waya mmoja unaouamini. Sikiliza. Punguza kitufe cha sauti cha gitaa hadi sifuri, sikiliza tena. Kitufe kikiwa sifuri, gitaa limefungwa kwenye ethi (sehemu ya pamoja ya sakiti yenye volti sifuri) na halichangii kitu, kwa hiyo kelele iliyobaki ni ya waya au ya amplifaya yenyewe. Kelele ikipotea pale unapopunguza, chanzo ni gitaa: pikapu (visoma-nyuzi vya sumaku) za koili moja hunasa mvumo kutoka kwenye transfoma, taa za mirija na swichi za kupunguza mwanga. Geuka taratibu ukiwa umeshika gitaa. Kukiwa na upande ambao mvumo unapungua, unashughulika na sumaku ya hewani, na hakuna pedali utakayoitengeneza ikaondoa hilo.

Sasa weka pedali moja tu, ile unayoishuku, kati ya gitaa na amplifaya. Usiweke nyingine. Najua inachosha kubomoa ubao mzima wa pedali uliopangwa vizuri, lakini pedali nane zikiwa pamoja haziwezi kukwambia ukweli. Tena kumbuka kuwa pedali ya distoshani (inayokwaruzisha sauti) iliyowashwa mbele ya hii iliyozimwa hukuza kila kinachoifikia. Ikikuza kwa desibeli 40, kelele ndogo sana inazidishwa mara 100, na unaishia kumlaumu asiyehusika.

Hatua ya pili: jaribio la hali tatu

Hapa ndipo penye kiini cha kazi yote, kwa hiyo usiparuke. Pedali ikiwa imezimwa kwa swichi, sikiliza katika hali tatu: ikilishwa na adapta, ikilishwa na betri peke yake huku waya wa adapta ukiwa umechomolewa kabisa, na ikiwa haina umeme wowote. Kila ukibadilisha hali, subiri sekunde kadhaa, maana kapasita za ndani hushikilia chaji kidogo.

Kelele ikiwepo kwa adapta na ikapotea kwa betri, tatizo liko kwenye umeme unaoingia au kwenye njia ya ethi inayopitia waya wa adapta. Kasha usilifungue bado. Kelele ikibaki kwa betri lakini ikapotea umeme ukikatwa wote, sakiti ya athari inavuja na kuingia kwenye waya wa baipasi. Huo ni ugonjwa wa ndani. Kelele ikibaki hata bila umeme wowote, basi shuku jeki, nyaya, swichi au kasha lenyewe. Hali ya tatu ina maana kwa pedali ya baipasi ya kweli pekee, kwa kuwa yenye bafa itakuwa kimya kwa sababu nyingine.

Pedali zisizo na nafasi ya betri unaweza kuzilisha kwa betri ya volti 9 kupitia waya mfupi wenye plagi inayoendana, mradi pedali haihitaji mkondo mkubwa. Angalia alama ya ncha chanya na hasi iliyochorwa kando ya tundu la umeme. Pedali nyingi za volti 9 huweka hasi katikati, lakini si zote, na kosa la hapo linaweza kuunguza sakiti.

Kuna jaribio jingine dogo ninalolipenda kwa sababu linatoa jibu bila ubishi. Pedali ikiwa imezimwa, zungusha vitufe vyake: gein (kiwango cha ukuzaji), sauti, kasi. Kelele ikibadilika hata kidogo, sakiti inavuja. Vitufe vya sakiti iliyowekwa pembeni havipaswi kugusa sauti yako kabisa.

Hatua ya tatu: tambua sauti kwa sikio

Gitaa lako ni kipimo tosha. Mvumo mzito na laini hufuata mzunguko wa umeme wa ukutani, hezi 50 katika nchi nyingi na hezi 60 katika nyingine, kama Marekani. Mvumo huo huletwa na sumaku ya transfoma au na ethi inayozunguka. Mngurumo mkali zaidi, wa mara mbili ya hapo, yaani hezi 100 au 120, hutoka kwenye umeme uliobadilishwa kuwa wa moja kwa moja lakini haukuchujwa vizuri: adapta dhaifu, au kapasita kubwa iliyokauka kwa uzee. Hezi 100 iko karibu kabisa na noti ya G, uzi wa sita kwenye kipande cha tatu (nafasi kati ya vyuma vya shingo). Hezi 120 huangukia kati ya kipande cha kwanza na cha pili cha uzi wa tano. Piga noti, linganisha.

Mluzi wa juu hutoka kwenye adapta za kisasa zinazokata umeme kwa kasi, kwenye pedali za kidijitali, au kwenye aisii inayopandisha volti ndani ya pedali. Tik-tik inayofuata mwendo ni ya tremolo, korasi au feza (pedali zinazoyumbisha sauti) ambayo kiyumbishi chake, yaani sakiti inayotoa mwendo huo, hakikomi hata pedali ikizimwa. Shhh ya kawaida ni ya sakiti yenye gein kubwa. Mkwaruzo unaokuja na kwenda ukiigusa pedali ni wa mguso mbovu mahali fulani.

Umeme: hapa ndipo wengi hupona

Kama betri iliondoa kelele, angalia jinsi unavyogawa umeme. Waya mmoja wa adapta wenye vichwa vingi ni rahisi na hufanya kazi vizuri kwa pedali chache za analogi. Ukiingiza dilei (pedali ya mwangwi) ya kidijitali kwenye waya huohuo, hesabu inabadilika. Saa ya ndani ya dilei huvuta mkondo kwa mapigo ya haraka, mapigo hayo yanatikisa volti ya waya wote, na kila pedali iliyounganishwa inayapokea, iwe imewashwa au imezimwa. Juu ya hilo, ethi ya pedali zote tayari imeungana kupitia nyaya za sauti, na sasa inaungana mara ya pili kupitia waya wa umeme. Mkondo wa dilei unapata njia mbili za kurudi, na sehemu yake hupita kwenye ganda la nje la waya wa sauti. Ndiyo maana mluzi unasikika hata pale pedali zote zimezimwa.

Jaribu kwanza kuitoa pedali ya kidijitali kwenye waya huo na kuipa adapta yake. Ikitulia, umepata jibu. Suluhisho la kudumu ni kigawa umeme ambacho kila tundu limetengwa na jingine, si tu chenye matundu mengi. Soma maelezo yake kwa makini, kwa sababu vipo visanduku vinavyotoa matundu kumi ambayo ndani yake ni waya mmoja ule ule. Ukiwa na multimita (kipima volti na omu) unaweza kupima mwenyewe: kigawa kikiwa hakijachomekwa ukutani wala kwenye pedali, pima kama hasi ya tundu moja imeungana na hasi ya jingine. Zikiungana, hayajatengwa.

Jumlisha pia miliampia. Adapta inayozidiwa hushindwa kushikilia volti na mngurumo unaanza. Zile za zamani zenye transfoma zisizodhibiti volti ni mbaya kwa pande zote mbili: huguruma, na zikibeba mzigo mdogo hutoa volti nyingi kuliko zilizoandikwa. Adapta yoyote iwekwe mbali na nyaya za sauti. Waya wa umeme ukilazimika kukutana na wa sauti, zivuke kwa pembe mraba, zisilale sambamba.

Mvumo ukianza pale tu unapounganisha kifaa cha pili chenye plagi ya ukutani, mfano amplifaya ya pili au kompyuta, ethi inazunguka kati ya vifaa hivyo viwili. Kata mzunguko kwenye upande wa sauti kwa transfoma ya kutenganisha ya uwiano wa 1:1. Kamwe usikate wala kufunika pini ya ethi ya plagi ya ukutani ili kuondoa mvumo. Pini hiyo ndiyo inayoulinda mwili wako siku amplifaya itakapoharibika ndani huku vidole vyako vikiwa kwenye nyuzi za chuma. Katika mwongozo huu wote, hilo ndilo neno ambalo sina nafasi ya kulilegeza.

Jeki, nyaya na kasha

Sehemu hii haina siri nyingi. Badilisha nyaya fupi moja moja. Waya wa spika usitumike mahali pa waya wa gitaa, maana hauna wavu wa kinga. Kaza nati za jeki. Jeki inayozunguka hukata nyaya zake za ndani. Futa plagi kwa kitambaa na dawa ya kusafishia viunganishi, kisha ichomeke na kuichomoa mara kadhaa.

Kwenye pedali ya baipasi ya kweli, chukua multimita, chomoa umeme, weka swichi upande wa kuzimwa, pima ncha ya jeki moja (kiunganishi kinachobeba sauti) hadi ncha ya nyingine. Usomaji uwe chini ya omu moja au karibu na hapo, na usirukeruke ukiigonga swichi. Pima pia ethi hadi ethi, halafu ethi hadi kwenye chuma tupu cha kasha. Kasha la alumini ni kinga nzuri pale tu linapounganishwa na ethi. Jeki za chuma hufanya kazi hiyo zenyewe, za plastiki hazifanyi, na rangi iliyopakwa ndani huzuia mguso. Ongeza waya kutoka kwenye ethi hadi kwenye skrubu ya kasha, na ukwangue rangi mahali kifuniko kinapokutana na mwili.

Kufungua kasha: sakiti inayovuja

Sasa tunazungumzia pedali ya baipasi ya kweli ambayo kelele yake ilibaki kwa betri na ikafa umeme ulipokatwa. Chanzo cha kawaida, hasa kwa fazi (fuzz) na distoshani zilizotengenezwa kwa mkono, ni kwamba swichi imeachia mlango wa sakiti ukining'inia hewani. Sakiti yenye gein kubwa isiyo na kitu mlangoni hukuza kelele ya hewani, na mara nyingine hujisikiliza yenyewe, ikaanza kupiga mluzi. Mluzi huo unarukia waya wa baipasi ulio jirani, hata kama hakuna mguso wowote. Tiba ni kuufunga mlango wa sakiti kwenye ethi kila pedali inapozimwa.

Swichi ya kawaida ya 3PDT (swichi tatu zinazogeuka kwa pamoja) ina miguu tisa, safu tatu za miguu mitatu. Katika kila safu, mguu wa kati huungana na mmoja wa pembeni pedali ikiwashwa, na wa upande mwingine ikizimwa. Tumia multimita kujua upande upi ni upi, usikisie. Kisha unganisha hivi:

Safu ya kwanza: mguu wa kati uende kwenye mlango wa kuingilia wa sakiti. Mguu wa kuwashwa uende kwenye ncha ya jeki ya gitaa. Mguu wa kuzimwa uende kwenye ethi.

Safu ya pili: mguu wa kati uende kwenye ncha ya jeki ya amplifaya. Mguu wa kuwashwa upokee matokeo ya sakiti. Mguu wa kuzimwa uunganishwe kwa waya mfupi na ule mguu wa safu ya kwanza wenye jeki ya gitaa.

Safu ya tatu: mguu wa kati uwe ethi. Mguu wa kuwashwa uende kwenye ncha hasi ya taa ya LED, ambayo upande wake wa chanya tayari una resista yake. Mguu uliobaki uache wazi.

Fuatilia kwa kidole kabla ya kuwasha pasi. Ikizimwa, gitaa linaenda amplifaya bila kugusa sakiti, na mlango wa sakiti umelala kwenye ethi. Ikiwashwa, gitaa linaingia kwenye sakiti, sakiti inatoka kwenda amplifaya, taa inawaka.

Ukilehemu miguu ya swichi, pasi iwe na joto la kutosha na isikae zaidi ya sekunde mbili au tatu kwa mguu mmoja. Plastiki ya ndani huyeyuka kwa urahisi na swichi inaanza kukwaruza, ukaja kudhani kelele ya kwanza haijaondoka. Pumzika kati ya mguu na mguu.

Ukimaliza, angalia mpangilio wa nyaya. Waya wa kuingilia na wa kutokea visifungwe pamoja wala visikae juu ya sakiti. Vibane ukutani mwa kasha, kimoja kila upande. Pedali yenye gein kubwa sana inastahili waya mwembamba wenye wavu wa kinga kwenye mlango wa kuingilia. Wavu uungwe na ethi upande mmoja tu. Na kama kila ukikanyaga unasikia mlio wa pa!, weka resista ya mega-omu 1 kutoka mlango wa sakiti hadi ethi, na nyingine kwenye matokeo, ili kapasita zisibaki na chaji.

Tik-tik ya tremolo inahitaji tiba tofauti. Kiyumbishi huvuta mkondo kwa ghafla kila kinapogeuka, na mkondo huo unapita kwenye ethi ile ile ya sauti. Kipe kiyumbishi waya wake wa ethi hadi kwenye tundu la umeme. Kwenye njia yake ya chanya weka resista ya omu 100, ikifuatiwa na kapasita ya mikrofaradi 100 kwenda ethi. Jozi hiyo huchuja yote yaliyo juu ya takriban hezi 16. Sehemu inayovuta miliampia 5 itapoteza nusu volti tu. Kama aisii ya kiyumbishi ni TL072, TL062 ina mpangilio uleule wa miguu na huvuta mkondo mdogo zaidi, na mara nyingi badiliko hilo peke yake hutosha.

Mluzi wa juu unaotoka ndani huwa wa aisii ya kugeuza au kupandisha volti, kama ICL7660, ambayo saa yake ya ndani hupiga kwa takriban hezi 10,000, ndani ya masafa ya sikio. Badilisha kwa ICL7660S na uunganishe mguu wa 1 na wa 8: kasi ya saa hiyo inapanda hadi karibu hezi 35,000, juu ya uwezo wa sikio la binadamu. Toleo lisilo na herufi S halina nafasi hiyo kwenye mguu wa 1, kwa hiyo soma maandishi ya juu ya aisii vizuri. Toleo la S huvumilia volti 12, la kwanza 10, na adapta ya volti 9 isiyodhibitiwa huweza kuvuka 10 bila wewe kujua.

Pedali yenye bafa

Hapa kelele ya baipasi ni kelele ya bafa yenyewe au ya umeme wake. Bafa isiyo na hitilafu huwa na shhh ndogo mno. Ikisikika wazi, anza na kapasita za elektroliti, hasa kama pedali ina miaka mingi: ile kubwa iliyo karibu na tundu la umeme, na ile inayoshikilia volti ya nusu, ambayo kwa pedali ya volti 9 huwa takriban 4.5. Badilisha kwa thamani ileile na volti isiyopungua ya awali, ukizingatia upande wa hasi. Kisha fuata transista au aisii ya bafa.

Ukisikia athari yenyewe kwa mbali, mfano distoshani hafifu nyuma ya sauti safi, JFET ya kubadilisha njia haifungi sawasawa. Pima volti kwenye geti yake (mguu unaoiamuru) pedali ikiwashwa na ikizimwa. Isipobadilika, kasoro iko kwenye sakiti inayoiamuru. Ikibadilika na uvujaji ukabaki, badilisha JFET. Kama bado una pedali nyingine kwenye msururu, zirudishe moja baada ya nyingine, ukisikiliza kila mara kitufe cha gitaa kikiwa sifuri, na ile itakayorudisha kelele ianze upya kwenye jaribio la hali tatu.